Nilivyojifunza Kuchekesha kwa Bibi Zangu Wawili

Enzi zetu, mtoto aliyetaka kuonekana kwenye televisheni alikuwa na njia moja tu: aingie ndani yake. Mimi niliingia. Baba yangu alikuwa fundi wa redio na televisheni pale Mlandege, mjini Unguja, na kila seti iliyomshinda aliitoa matumbo, akachukua vyuma vinavyofaa, kasha la mbao akalisukuma ukutani. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nilijipenyeza kwa nyuma ya kasha, nikatoa uso pale palipokuwa na kioo, nikawasomea wateja taarifa ya habari.

Habari zenyewe zilikuwa za mtaani kwetu, Kiponda. Nilitangaza kwamba miwani ya bibi yangu, Bi Zuwena, imepotea, nyumba nzima imepekuliwa, na hatimaye imeonekana kichwani mwake. Nilitangaza kwamba mwalimu wa hesabu amekuja skuli na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili, na wanafunzi waliocheka wanatarajiwa kupata mvua ya bakora kesho asubuhi. Wateja walishika mbavu. Baba hakuinua hata macho kutoka kwenye waya zake. Aliniambia tu, "Punguza sauti, mtangazaji. Huyu bwana atadhani seti yake imepona."

Siku hizi najitambulisha kwa watu kama mchekeshaji na mwendesha kipindi, nao huniuliza nilisomea wapi. Sijui niwajibu vipi, maana skuli yangu ilikuwa vichwa viwili vya wanawake wazima waliokuwa hawasemezani, na mimi katikati yao.

Bi Zuwena ndiye mama yake baba. Ukoo wao ulitoka Uarabuni zamani sana, na ingawa mali yote ilishakwisha na dari lilikuwa linavuja, alitembea ndani ya nyumba ile kama anayekagua shamba la mikarafuu. Bi Mize ndiye mama yake mama, mtu wa Makunduchi, kusini ya kisiwa, mkulima wa mwani, mwenye mikono iliyokakamaa kwa maji ya chumvi na sauti iliyozoea kumwita mtu aliyeko upande wa pili wa ufuo. Mimi nilichukua rangi ya huku na nywele za kule, au kinyume chake, ikitegemea nani anayenitazama. Makunduchi watoto waliniita Mmanga, yaani Mwarabu. Mjini nikaitwa mtoto wa shamba. Nikijitetea kwa Kimakunduchi mjini, na kwa Kimjini Makunduchi, ndipo walipocheka zaidi.

Kichwa changu kilikuwa uwanja wa vita. Kila likizo nilipelekwa Makunduchi, na Bi Mize alinisuka kwa nguvu mpaka macho yakavutika, nikawa natazama dunia kama mtu anayeshangaa. Nikirudi mjini, Bi Zuwena hata shikamoo hakungoja niimalize. Alinikalisha chini, akazifumua zote, akanipaka mafuta ya nazi yenye asumini, huku akiuliza kwa upole wa uongo kama huko shamba vitana havijafika.

Nyinyi mliokua nami mnakumbuka zile siku. Tulicheza nage uchochoroni mpaka mpira wa soksi ukaingia dirishani kwa mtu, kisha tukacheza kibe ili tupate pa kujificha kwa kosa la nage. Tulikunywa juisi ya mabungo tukabaki na meno yenye ganzi. Tuliubandua mkate wa kumimina ungali moto, na vidole vikiungua tunavitia mdomoni, na kuungua kwenyewe kukawa kutamu. Ukiitwa ulijibu "Naam," tena ukiwa tayari umeshasimama. Leo namwita mpwa wangu chumba cha pili, ananitumia ujumbe wa simu kuniuliza nataka nini.

Lakini niwaeleze ule ugomvi. Siku ya harusi ya wazazi wangu, Bi Mize alikuja na kikapu cha pweza mkavu. Alimvua mwenyewe, akampiga mwenyewe akalainika, akamuanika mwenyewe. Kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko kitambaa cha hariri. Alipokuwa anaondoka akamwona pweza wake barazani, na paka wote wa Kiponda wamemzunguka kama waalikwa. Alijifunga kanga yake, akarudi Makunduchi, na tokea siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Bi Zuwena naye hakutuma neno. Mimi nilizaliwa, nikaota meno, nikaanza skuli, na mkwe na mkwe mwenzake bado kimya.

Kimya cha mdomo tu, maana masikio yalikuwa wazi. Kila nikirudi kutoka upande mmoja, wa upande wa pili alinipa kitu cha kutafuna kisha akauliza, kama mtu asiyejali, "Na yule mwenzangu anasemaje?" Mimi sikujua kueleza, nilijua kuonesha. Kwa Bi Mize niliinua kidevu nikatembea kwa hatua za Bi Zuwena, za mtu anayevuka sakafu iliyomwagika maji. Kwa Bi Zuwena nilishusha kanga mpaka kwenye nyusi, nikaita kuku kwa sauti ya Bi Mize, nikivuta neno mpaka pumzi inakatika. Wote wawili walicheka mpaka wakajifuta machozi, kisha wote wawili wakaniambia nisimwige mtu mzima, si adabu, hebu rudia tena pale mwisho.

Alipozaliwa mdogo wangu, mama alitaka jambo moja tu: mama yake awepo kwenye akika, karamu ya kumchinjia mtoto. Alimwomba kwa muda mrefu, na mwisho Bi Mize akakubali, kwa ajili ya mtoto, alisema, si kwa ajili ya nyumba. Asubuhi ya siku hiyo mama alinishika mabega jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa ajili ya vitunguu. Aliniambia kwamba bibi akiondoka leo na kinyongo hatorudi tena, na yeye ataishi maisha yake yote akigawanyika kama nilivyogawanyika mimi. "Kwa hivyo leo," alisema, "sitaki kusikia taarifa ya habari."

Nikamuahidi.

Wanawake walijaa ukumbini, udi unafuka, sahani za pilau zinapita. Bi Zuwena alikaa juu ya kiti chake. Bi Mize alikaa nyuma ya mlango, kanga imemfunika, huwezi kumjua mpaka uiname. Walikuwa wakizungumza kupitia watu: mwambieni mgeni achukue chai, mwambieni mwenye nyumba nshakunywa. Mambo yangekwenda hivyo mpaka jioni, lau si shangazi yangu Thuwaiba, dada yake baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, mtu mwema ambaye ulimi wake hutangulia macho. Akanivuta katikati ya mkeka akasema, "Hebu tuigizie bibi yako wa Makunduchi anavyoita kuku."

Wote walimwona Bi Mize nyuma ya mlango isipokuwa shangazi. Nilimtazama mama, mkono wake uko mdomoni. Nikikataa, Bi Mize atajua kwamba nyumba hii humcheka kila siku. Nikiigiza, atajua vile vile. Nikaona njia moja tu imebaki, niwaigize wote wawili kwa pamoja, atakayekasirika asikasirike peke yake.

Nikashusha kanga kwenye nyusi, nikavuta sauti: "Mkwe mwenzanguuu, pweza wangu wa harusi yu wapi?"

Nikageuka, nikainua kidevu, nikavuka mkeka kama wenye maji. "Pweza gani tena, mwenzangu? Usinitaje pweza, mie nna presha."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukitetemeka jikoni kwa mvuke. Neno pweza lilikuwa halijatajwa kwenye nyumba ile tokea harusi.

Bi Zuwena akauliza taratibu, bila ya kumtazama mtu, "Mimi ndivyo nnavyotembea hivyo?"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Hivyo hivyo. Tena hapo kakupunguzia."

Kila mtu aligeuka. Bi Zuwena aligeuka wa mwisho. "Na weye, Bi Mize, hiyo sauti yako umeisikia?"

"Nimeisikia. Nlidhani kaingia mbuzi."

Shangazi Thuwaiba ndiye aliyeanza, tena kwa aibu, na kicheko kikampasukia ndani ya kanga. Kisha ukumbi mzima ukaanguka. Bi Zuwena hakucheka. Alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kuliona mbele ya wageni, akaenda kukaa mkekani karibu na mlango. Alisema kwamba yule pweza alimtoa barazani apate upepo, kwa sababu kikapu kilipata unyevu njiani. Paka wakamuwahi. Aliona haya kusema mbele ya wakwe, na haya ilipokaa muda mrefu ikawa haina pa kutokea.

Bi Mize alimtazama. "Kwani ulitaka kumla?"

"Na nazi ya kumpikia nishaikuna."

Bi Mize akaiteremsha kanga mabegani. "Basi miaka yote hii," alisema, "nimewanunia paka."

Hapo ndipo Bi Zuwena alipocheka, na Bi Mize akacheka, na mama akalia na kucheka kwa uso mmoja. Mimi nilisimama pale katikati nikijua nimefanya kitu kikubwa na sijui jina lake. Sikupewa muda wa kujisifu. Wale wawili walipomaliza kujifuta macho waligeuka kunitazama kwa pamoja, wakakubaliana kwa mara ya kwanza katika maisha yao, nikapelekwa kusugua sufuria za pilau kwa kosa la kuiga watu wazima.

Nilipokua nikaenda Dar es Salaam, na mara ya kwanza kupanda jukwaani nilisema vichekesho vya foleni za magari, mimi niliyekulia kwenye vichochoro visivyopita hata mkokoteni. Aliyenijibu ni mtu mmoja tu, na yeye alikuwa anakohoa. Nikashusha mtandio kwenye nyusi, nikaita kuku wa Makunduchi. Usiku ule nilipata kazi. Baadaye, waliponitaka niendeshe kipindi, mkubwa mmoja alinishauri nichague lafudhi moja, watazamaji wasichanganyikiwe. Nilimwambia nimeshajaribiwa na waliomzidi nguvu, tena walinishika nywele.

Bibi zangu waliwahi kuniona kwenye kioo. Bi Mize alikuja mjini kila wiki kwa ajili hiyo, na mama alinisimulia walivyokaa bega kwa bega wakilalamika: nimekonda, nimefungwa mtandio na nani, na kwa nini naongea haraka kama ninayedaiwa swala. Kipindi kikimalizika walinipigia simu kunikosoa, mmoja anashika simu na mwengine anapiga kelele kutoka pembeni.

Sasa hawapo wote wawili. Nyumba ya Kiponda imekuwa hoteli, na wageni wanalipa ili walale chini ya dari lililokuwa likituvujia bure. Vijana wa leo wanachekesha vizuri, siwakatai, lakini kila mmoja anacheka peke yake, vitu viko masikioni, na jirani yake hajui anacheka nini. Studio kwetu yupo kijana ambaye kazi yake ni kuinua mkono ili watu wapige makofi. Anainua, wanapiga, ananitazama kama aliyenifanyia hisani. Bi Zuwena hakuinuliwa mkono na mtu. Kitu kikimchekesha, alicheka. Kisipomchekesha, alikwambia ujisogeze kidogo, unamzibia upepo.