Kitunga cha Fisi

Mimi nimezeeka, hasira hii haijazeeka. Mpaka leo nikiona mtu mzima anachukua hadithi ya watoto, anaikata mkia ili ifundishe adabu, damu inanipanda kichwani. Wajukuu wangu wanacheka. Wacheke tu. Hawakuwa ndani ya kile kitunga.

Ilikuwa Goma, miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakitupangia hata mahali pa kukanyaga. Nilisoma shule ya wasichana ya masista. Wasichana wa rika langu waliosoma walikuwa wachache, na mimi nilisoma kwa sababu mama alinipigania. Ndugu za baba walitaka nibaki nyumbani nilime. Mama akawaambia atalima sehemu yake na yangu. Na kweli alilima, mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama gome la mti. Ile nafasi kwenye benchi ilikuwa jasho lake.

Mtawa wa Kizungu aliyetufundisha alitaka tuigize mchezo mbele ya familia za parokia siku ya sikukuu. Akauliza nani anajua hadithi ya wenyeji. Nikainua mkono hata hajamaliza. Nilikuwa nayo ya nyanya, mama yake mama, na niliipenda kuliko chakula.

Mama anamtuma binti yake arudi shambani jioni, akachukue jembe walilolisahau. Anamkuta fisi amelikalia. Fisi anamtia kitungani, kikapu kikubwa cha kubebea mavuno, anafunga kamba, anazunguka naye nyumba kwa nyumba akiomba pombe, akijigamba kwamba kitunga chake kinajua kuimba. Msichana anaimba humo ndani: "Mama, niko ndani ya kitunga!" Utamu ulikuwa hapo, kwa sababu waliojibu tulikuwa sisi wasikilizaji: "Tunakusikia, tunakuya!" yaani tunakuja. Tusipojibu, nyanya alinyamaza, akachukua kiko chake, akavuta kana kwamba hana habari na mtu. Tukiimba kwa nguvu ndipo mama wa yule msichana anapoitambua sauti ya mwanawe. Anamlewesha fisi, anamtoa mtoto, anajaza mawe ya volkano mahali pake. Fisi anakwenda zake akitweta.

Nyanya mwenyewe aliibadilisha alivyotaka. Tukiwa na usingizi aliifupisha. Watoto wa jirani zetu Wanande wakija, fisi alipita kwanza kwao, Butembo. Sikatai kubadilisha. Lakini msichana alitoka kitungani kila mara, hilo nyanya hakuligusa. Alisema ukimwacha mtu humo ukaenda kulala, fisi atabaki nyumbani mwako.

Mtawa alinisikiliza, akaandika, na baada ya siku chache akaja na mchezo wake. Wimbo ameutoa, ni makelele ya kipagani. Mama hakumtuma mtu. Msichana ni mkaidi, ameikimbia misa ya Jumapili na kwenda kutembea shambani. Fisi ndiye Shetani, anambeba, basi.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake analia. Watoto watajifunza."

Nikamwambia hadithi haiko hivyo, mtoto alitumwa. Akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mimi ndiye nitakayekuwa msichana wa kitungani, nami nitakaa kimya humo. Atakayeongeza hata neno moja mbele ya wageni, Jumatatu asionekane shuleni.

Nilifika nyumbani nikafoka. Mtoto katumwa na mama yake, kaenda kwa utii wake, leo wanamfanya mkosaji ili wapate cha kuwahubiria wenzake! Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu, nyamaza tu," akasema. "Ingia mu ile kitunga, utoke, urudi ku masomo. Mimi niko nachoka."

Nyanya alikuwa pembeni anachambua maharage.

Siku ikafika. Mchezo ulifanyika baada ya misa, mchana kweupe. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana, na aliyelazimika huchomeka unyasi nywelani ili asipatwe na baya. Nyanya alikuja na unyasi wake chini ya kitambaa cha kichwani. Wazungu walikaa kwenye viti mbele. Watu wetu, wa mtaa wa Majengo na waliotembea kwa miguu toka kijiji cha Kibati, walikaa chini kwenye yale mawe meusi ya ua wa shule. Waliambiwa wanyamaze kama misani.

Msichana mkubwa aliyekuwa fisi, kavaa gunia, akaniingiza katika kitunga cha kubebea maharage. Akafunga kamba. Akaniburuta mpaka mlango wa nyumba ya maboksi tuliyoijenga, akaomba pombe. Ua wote ulijua kinachofuata. Nilisikia watu wanavuta pumzi, wananingojea. Nami kimya, nimeuma mdomo.

Mdogo wangu, aliyeachishwa kunyonya si zamani, alikuwa mapajani mwa mama. Aliniita Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Mama, Yaya haimbe!" akapiga kelele. "Yaya amekufa?"

Akaanza kulia, kilio cha mtoto anayeamini. Na mtawa, badala ya kumhurumia, akapandisha sauti juu ya kile kilio: "Tazameni mwisho wa mtoto asiyetii!"

Watu hudhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira tu. Nikafungua mdomo: "Mama, niko ndani ya kitunga!"

Ua mzima ukajibu. Akina mama, wazee, hata katekista. "Tunakusikia, tunakuya!" Fisi wetu, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akaachia kitunga na kurudi nyuma, maana naye alilelewa na hadithi ile ile. Nyanya akapita katikati ya viti vya Wazungu, akapiga magoti. Fundo lilimshinda kwa vidole, akalifungua kwa meno.

"Toka, mama," akaniambia, akauchomoa unyasi wake na kuuchomeka nywelani mwangu.

Mtawa akapiga makofi kuamuru watu watawanyike. Mchezo ukaishia hapo, bila mawe.

Jumatatu mama alinivalisha gauni safi, tukaenda kuomba msamaha. Mtawa alikuwa uani.

"Nilisema," akatuambia.

Mama akapiga magoti. Mama yangu, juu ya mawe yale yanayokata hata mpira wa gari, kwa ajili ya wimbo wa watoto! Hilo sijasamehe, na sitasamehe. Mtawa hata hakumtazama, alikuwa na shughuli. Kitunga kilikuwa bado palepale nyanya alipokiacha, na kilikuwa kimejaa mawe ya volkano mpaka juu. Wanafunzi walikuwa wamejipanga kuingia darasani, macho chini, mikono yao imejaa vumbi jeusi. Mtawa akauliza ni nani. Hakuna aliyejua. Akashika kamba akavuta, uso ukamwiva, kitunga hakikusogea.

Mama akainuka. Akapangusa magoti, akanishika mkono.

"Mubebe, ma soeur," akamwambia mtawa. "Ni yenu sasa."

Tukarudi nyumbani. Nikavua lile gauni, mama akanipa jembe, tukaenda shambani.