Mlango wa Mwalimu Kadii

Mlango wa nyumba ya Mwalimu Kadii pale Mnarani hauendani na nyumba yenyewe. Nyumba ni ya matofali, changa, nje haijapakwa hata rangi. Mlango ni wa mti wa mbambakofi, mzito kama ng'ombe aliyelala, na ilibidi ukuta uchongwe ndipo fremu yake iingie. Wageni huuliza. Kadii hucheka na kusema, "Huo ndio mkubwa wa nyumba hii. Sisi wengine tumeukuta."

Aliutengeneza babake, mzee Mwambire, seremala, walipokuwa wakikaa Malindi. Nyumba yao ilikuwa yao, lakini kiwanja kilikuwa cha mtu, kama zilivyo nyumba nyingi huku pwani. Unajenga, unalipa kodi ya ardhi, unazaa, unazeeka. Kisha siku moja warithi wa mwenye kiwanja wakauza. Kadii alikuwa mtoto wa darasa la tano. Alimtazama babake akichukua nyundo bila kumtukana mtu, akang'oa mabati, akang'oa madirisha, mwisho akang'oa mlango, akavipanga vyote juu ya mkokoteni. Kadii akapewa komeo alibebe mkononi.

"Kuta tumewaachia," mzee alisema. "Kuta ni udongo. Nyumba ni hii hapa juu ya mkokoteni."

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuponzwa tena na kiwanja cha watu. Lakini mtandao hauna udongo wa kushika, na Kadii aliponzwa.

Yeye ni mwalimu wa watoto viziwi katika shule moja ya bweni Kilifi. Kilichokuwa kikimuuma hakikuwa masomo. Kilikuwa likizo. Mtoto anakaa muhula mzima akizungumza kwa mikono, akitania, akigombana, akisimulia ndoto zake; kisha anarudi nyumbani ambako hakuna ajuaye hata ishara ya "maji". Anakaa kimya mpaka shule ifunguliwe. Basi Kadii akaanza kujirekodi kwa simu, neno moja, video moja. Kuumwa tumbo. Usiogope. Mto umefurika. Kwa neno la mbuzi ya kukunia nazi alikaa upande juu ya kigoda, magoti pamoja, ngumi ikizunguka hewani, na hata asiyejua ishara yoyote angesikia njaa ya wali. Video zote akaziweka kwenye huduma ya bure ya kampuni moja ya ng'ambo, na akina mama wakawa wanazifungua huko huko majumbani.

Hakuna aliyezifungua kama Gladys, mkulima wa Sabaki, mama yake Sanga. Sanga ana miaka tisa na ndiye mtoto wake wa pekee. Kwa video hizo Gladys alikuwa ameanza kumjua mwanawe, kumbe ni mcheshi.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Shikamoo Mwalimu. Maneno yameniishia."

"Marahaba, Mama Sanga. Yameishaje?"

"Nikifungua naambiwa ukurasa haupo. Na shule inafunga wiki ijayo, na bibi yake Sanga anakuja kukaa nasi likizo yote. Nilimwahidi tutamfundisha kuongea na mjukuu wake. Sasa nimfundishe na nini?"

Kadii akajaribu mwenyewe. Akaunti imefungwa. Amevunja masharti. Sharti gani, hakuambiwa. Akaandika kuomba wamfungulie, na kabla hajaweka simu mezani jibu likawa limefika, la adabu tele, la mashine.

"Wamenishukuru kwa uvumilivu wangu," alimwambia Okoth, "nami sijawapa uvumilivu wowote."

Okoth ni fundi wa kompyuta mjini Kilifi, rafiki yake wa miaka mingi. Aliuliza swali moja tu. "Una nakala?"

Kadii hakuwa nayo. Kila alipopeleka video alikuwa akiifuta kwenye simu, apate nafasi ya kurekodi nyingine. Milango yote aliiacha kwenye kiwanja cha watu.

"Basi tafuta kampuni kubwa, ulipe," Okoth akasema. "Wana majenereta, wana walinzi, wana watu wa kukesha. Wewe una nini? Sola moja na paka."

"Paka wangu hajawahi kunifungia akaunti, Okoth. Nitaziweka kwangu."

Okoth akabisha, akachoka, akamtafutia kompyuta ndogo iliyotumika. Wakaifunga sebuleni, ikaunganishwa na mtandao ili mtu wa Sabaki aweze kuifungua kama anavyofungua ukurasa wowote. Nyumba tayari, vitu hakuna.

Siku ya kufunga shule Kadii alisimama langoni akawaomba akina mama simu zao. Kumbe kwa sababu bando ni ghali, wengi walikuwa wakipakua maneno mara moja na kuyaweka, kisha wanatumiana. Gladys ndiye aliyekuwa na mengi zaidi, ingawa ni ya zamani na hayakumtosha likizo nzima. "Netiweki ya kwetu siiamini," alisema, kama anayejitetea. Simu moja ilikuwa na kioo kilichopasuka, nyingine ikazimika katikati. Maneno mengi yakarudi. Mengine hayakurudi, na hadi leo Kadii akikumbuka moja huinuka na kulirekodi upya.

Basi ukurasa ukafunguka tena, safari hii kutoka sebuleni Mnarani. Kadii alitembea kifua mbele. Kila taa ndogo ya mashine ilipomemeta alijua kuna mama mahali fulani anajifunza neno.

Katikati ya likizo Gladys akapiga tena. "Mwalimu, usinikasirikie. Yameisha."

Okoth alifungua kasha la mashine, akaanza kutikisika mabega. Ndani, palipokuwa na joto zuri, mjusi kafiri alikuwa amelala kwa miguu yake minne juu ya nyaya, amekauka kama dagaa. Pembeni yake, mayai mawili.

"Kampuni ilikufungia bila sababu," Okoth akasema huku akijifuta machozi. "Huyu angalau amefia kazini."

Kadii hakucheka. Akilini aliwaona Sanga na bibi yake wamekaa, mikono mapajani. Alikuwa amemkimbia mwenye kiwanja, akawa yeye mwenyewe ndiye mwenye kiwanja, na wapangaji wake wako nje. Macho yakamwangukia ule mlango.

Mzee Mwambire hakuwahi kukataa kiwanja cha watu. Hata baada ya Malindi alijenga tena kwenye ardhi ya kukodi. Alichokataa ni kupigilia mlango kiasi cha kushindwa kuung'oa.

Kadii akaingia chumbani, akatoka na diski ndogo aliyoifunga kwenye kitambaa. Safari hii alikuwa na nakala.

"Nitafutie hiyo kampuni yako ya kulipia," akamwambia Okoth. "Lakini waulize kwanza. Siku nikitaka kuhama, naweza kutoka na vyangu vyote bila kumwomba mtu ruhusa?"

Okoth akasoma masharti mpaka mwisho, jambo ambalo alikiri hajawahi kulifanya maishani. Unaweza, akasema. Jioni hiyohiyo maneno yakawa hewani. Diski ikabaki chumbani, nyingine ikapelekwa Sabaki kwa Gladys, na mashine ya sebuleni ikatengenezwa na kuvikwa kipande cha chandarua.

Likizo ilipokaribia kwisha Gladys akatuma video. Bibi yu juu ya mbuzi anakuna nazi, Sanga amechuchumaa mbele yake. Sanga anapandisha vidole viwili juu ya ukuta wa hewa, polepole, kisha kiganja kinaanguka chali, pwaa! Bibi anacheka hadi nazi inamtoka mkononi, naye anarudia hivyohivyo.

Kadii hakulijua neno hilo. Akapiga simu.

"Ni mjusi wako, Mwalimu," Gladys akasema. "Nilipowaeleza kilichoua mashine, wakalitunga wawili hao. Sasa hapa kwetu kitu chochote kikiharibika, iwe taa, iwe jembe, ni mjusi."

"Usiifute, Mama Sanga."

"Nifute? Nifute wapi!"

Kadii akaiweka kule kwenye kampuni, akaiweka kwenye diski. Kisha akasukuma mlango wa mbambakofi, akashusha komeo, na peke yake sebuleni akapandisha vidole viwili juu ya ukuta wa hewa, akijifunza.