Mstari Usiostahili Kuwepo

Peres Obuya ni mpole mpaka umguse pabaya. Kwa miaka sita ametoka Mutuini kila asubuhi kwenda kazini, fundi wa maabara ya utafiti katikati ya jiji, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Jumatatu hiyo alipiga meza kofi hadi vichupa vikaruka.

Kisa ni kichupa kimoja cha kingamwili kutoka ng'ambo. Kazi yake ni moja tu: kunasa protini fulani, aina ya kinase, inayochochea saratani ya matiti, na kuziacha nyingine zote. Ikinasa, mstari mweusi hutokea kwenye picha ya kipimo. Wagonjwa wenye mstari ndio waliochaguliwa kujaribu dawa mpya ya kuizima protini hiyo, na wakaambiwa wasubiri, wasianze ile ya kawaida. Siku yao ya kuianza ilikuwa Alhamisi.

Sasa, kila fundi anajua kwamba kingamwili mpya hujaribiwa kwanza kwa seli zisizo na protini hiyo kabisa. Hapo mstari hauna ruhusa ya kutokea. Lakini seli hizo hazikuwepo, na mkubwa wa maabara, Daktari Norman, alisema cheti cha watengenezaji kinatosha. Peres akanyamaza mwaka mzima, mpaka rafiki yake wa maabara nyingine alipompa seli hizo. Akazipima. Mstari ukatokea, mweusi tii.

"Daktari, hii kitu inashika protini ingine. Tumekuwa tukisoma uongo!"

Norman aliitazama picha. "Hiyo lane ya mwisho, safu ya hizo seli zako, crop tu, isionekane. Tutaorder ingine baadaye."

"Baadaye gani? Hawa watu wanaanza Thursday!"

"Peres, usiniharibie study."

Heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini huyu bwana alitaka shari kamili yenye picha safi! Hapo ndipo meza ilipopata kofi lake. Peres alimwita mwoga mbele ya watu, kisha akaituma picha nzima kwa kamati ya maadili. Jumatano jaribio likasimamishwa na wagonjwa wakaitwa waelezwe. Norman, kwa uungwana wake, akamwachia Peres kazi hiyo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Wangeci, muuza mboga wa Dagoretti, aliyekuwa amesubiri miezi minne bila dawa yoyote huku uvimbe ukikua. Peres akamweleza yote, na kila baada ya maneno mawili akamlaani Norman. Hasira ilikuwa bado inamchemka, na ilikuwa tamu.

Wangeci alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo Norman ndiye alikuwa anapima?"

"Hapana. Ni mimi."

"Na ulijua hiyo kitu yenu haijajaribiwa?"

"Nilijua."

"Basi wachana na Norman," Wangeci akasema. "Niangalie mimi, uniambie ulinyamaza kwa nini."