Mutheu Aliyesoma Barua za Wajane

Hata sasa haijaniingia akilini. Mutheu ameenda. Jumanne alikuwa analalamika tu kuhusu kikohozi. Ijumaa kakake akanipigia simu, akashindwa kuongea.

Kwa wale hamkumjua, Daktari Mutheu alikuwa mwanahistoria wa China. Ndiyo, msichana wa mtaa wa Woodley, hapa Nairobi. Tulikua majirani, ukuta mmoja katikati.

Alipopata scholarship ya Beijing, babake alidhani anaenda kusomea udaktari wa hospitali. Mutheu alimwacha aamini hivyo mwaka mzima.

Alikaa huko miaka tisa. PhD yake ilihusu barua za wajane wa China wa zamani sana, ambao mafuriko yalibeba mashamba yao. Waliandikia serikali wakiomba chakula. Aliniambia hakuna aliyewahi kuuliza hata majina yao.

Alirudi wakati ule kila mtu hapa Nairobi alikuwa anaongea habari za Wachina na barabara. Kampuni moja yao ya ujenzi ikamwita interview.

"Wanataka mkalimani wa site," akaniambia.

"Si mshahara ni mzuri?"

"Mzuri kabisa. Nimewaambia nina darasa."

Darasa lenyewe, la historia ya China pale chuo kikuu, lilikuwa na watu wanne. Department ilitaka watano, la sivyo course ifutwe. Mimi nilikuwa nauza bima Hurlingham, sijui lolote kuhusu China. Nikajiandikisha masomo ya jioni.

Insha yangu akaipa D. Kwa kalamu nyekundu aliandika, "Hii ni proposal ya kumuuzia mteja bima, si insha."

Lakini course ilibaki. Baadaye walikuja wengi, wakidhani watafundishwa Kichina cha kutafutia kazi. Aliwafundisha barua za wajane.

Kitu hamkuona ni vile alikuwa peke yake. Siku moja tukinywa chai aliniuliza, "Nikipata kitu kizuri kwa hizo barua, namwambia nani?"

"Niambie mimi."

Akaniambia, masaa mawili, chai ikapoa. Nusu yake sikuelewa, na nadhani alijua. Aliendelea tu.

Jana kwa ibada ya kumuaga kule Kinoo, familia iliniomba nieleze kazi yake, maana hakuna mwingine angeweza. Nikasimama. Nilipotaja ule mto uliofurika, nilijua nimekosea jina. Nikainua macho, nikingoja.

Kanisa lilikuwa limejaa. Hakuna hata mmoja aliyejua kunisahihisha.

Pumzika sasa, Mutheu wangu. Lala unono.