Chakula Baada ya Saa Sita

Jumanne, 11 Juni 2024. Asubuhi ukungu mzito. Mchana mvua ya mawe ilichana majani ya chai.

Juu ya shamba langu, upande wa Chepseon, kuna nyumba ndogo ya watawa wa Kibudha. Amebaki mmoja tu, mzee kutoka Sri Lanka. Jirani yangu Bilhah Nyamusi, ambaye ni Msabato, ndiye humpelekea chakula, maana watawa hao hawajipikii. Ikishapita saa sita mchana hawali tena mpaka kesho.

Siku hiyo wakaguzi walikuja kuamua kama nyumba hiyo itaandikwa kuwa urithi wa taifa. Waliletwa na Kiptanui, anayetembeza watalii pale, na ambaye humkodishia Bilhah kibanda cha ndizi langoni. Barabara ilikuwa tope. Walifika saa nane.

"Mama Vinny, leta hiyo sufuria," Kiptanui alimwambia Bilhah, aliyekuwa kibandani na sufuria yake ya chakula. "Umuwekee mzee kwa bakuli, wapige picha."

"Saa hii hali."

"Najua. Weka tu, halafu mtamwaga."

"Nimwage wimbi yangu?" Bilhah alifunika sufuria, akaketi kando yake. "Jumamosi njoo kanisani na kamera, Kiptanui. Umwambie pasta anibatize tena, picha ya kwanza haikutoka vizuri."

Mkaguzi mmoja alicheka. Kiptanui hakucheka. Alisema nyumba ikikosa kuandikwa lawama ni ya Bilhah, na kibanda atapewa mtu mwingine.

"Mpe," Bilhah alisema. "Mume wangu alipolazwa hospitali ya Longisa, huyu mzee alikaa na sisi mpaka jioni. Nilimpa chai ya maziwa akakataa, na njaa ilikuwa inamtetemesha. Leo nimpe chakula cha uongo?"

Mzee alikuwa ameshatoa bakuli nje, kwa kuwaonea wageni haya. Alimtazama Bilhah, akalirudisha ndani.

Wakaguzi waliondoka bila kusema neno kuhusu uamuzi wao. Jioni kibanda kilikuwa na kufuli ambayo si ya Bilhah.

Kesho yake asubuhi alimpelekea mzee ugali wa wimbi na mboga ya managu, ukungu ukiwa bado chini. Kisha akaja kwangu kuomba nafasi ya kuuzia. Tulikata ua wa shamba pamoja mahali panapotazamana na lango la watawa, akatandika gunia ndani ya shamba langu, akapanga ndizi zake.