Aliyejenga Banda la Hifadhini

Kwaa! Tawi lilivunjika gizani. Ndovu alikuwa akila nyuma ya ukuta, nasi majirani wanne tukakumbatiana kitandani.

"Laleni," akasema jirani yangu wa Timbwani, ajuza mjane. "Banda hili kalijenga mwenyewe."

"Mwenyewe" ni marehemu mumewe, fundi wa mawe na makuti. Tulikuwa tumetoka kwetu Timbwani, Likoni, kulala hifadhini bila hema, ili mjane aione kazi ile kwa macho yake.

Asubuhi askari wa hifadhi alikuja na kibao na brashi. Kila banda lilikuwa likiandikwa jina la fundi wake.

"Hili halina kumbukumbu," akasema. "Naandika, fundi hajulikani."

"Hajulikani?" Ajuza akakaza leso kiunoni. "Wallahi mwanangu, kila kuti hapo kalifunga yeye!"

"Yeye nani, bibi?"

"Baba Mwanasha."

"Hilo ni la mtoto. Jina lake mwenyewe?"

Ajuza akatugeukia. Sisi tulimjua kwa hilo la Baba Mwanasha tu. Kwa malezi ya ajuza, mke hamtaji mumewe kwa jina, hata akiwa kaburini. Sisi wa leo tunawataja wapenzi wetu mitandaoni mpaka majirani wanachoka. Yeye miaka arobaini hakuthubutu hata mara moja.

Askari akachovya brashi kwenye rangi.

"Ngoja!" Ajuza akalitazama paa, akanyoosha mgongo, akatamka polepole ili herufi zisikosewe:

"Andika Athumani Mwachirima."