Kisu Kimefupishwa, na Mdogo Wangu Hajui

Jumapili. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, milima ya Burundi haikuonekana. Manyunyu hadi saa tatu, kisha jua kali.

Ndivyo ninavyoanza kila siku katika daftari langu, na leo nawanakilia ninyi wa kundi hili kwa sababu daftari halijibu. Admin, ficha jina langu. Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, nilimaliza sekondari nikaishia hapo. Ninaishi Kasenga, hapa Uvira.

Kazi yangu ni katika atelye, karakana inayochonga helisi, yale mabawa ya shaba yanayozunguka majini na kuisukuma boti. Bawa la helisi limejipinda kila upande, na mgongo wake umejificha nyuma ya bawa la jirani. Mashine yetu inasogea kwa njia tano: kisu kinakwenda pande zote na kushuka, na meza nayo inainama na kuzunguka ili kisu kifike kule nyuma. Lakini haina akili. Lazima mtu aketi kwenye kompyuta aichoree njia: kisu kiingie wapi, kiiname kiasi gani, kitoke vipi bila kuligusa bawa la jirani. Kwa miaka sita mtu huyo alikuwa mimi.

Mwaka jana mama mdogo wa Luberizi aliniomba nimchukue binti yake. Nitamwita Furaha, si jina lake. Tunalala nyumba moja, naye ananiita Yaya, dada mkubwa. Nilimfundisha mwenyewe, mkono wangu juu ya wake. Mwanzoni yeye ndiye aliyenisogezea kiti. Sasa kiti ni chake.

Sitawadanganya, ana kipaji. Njia zangu ni mistari mifupi ya kwenda na kurudi, na bawa likitoka ni lazima lipigwe msasa nusu siku. Zake zinafuata mkunjo wenyewe, toka shinani hadi ukingoni, na bawa linatoka mashineni liking'aa. Nilijaribu kuiga, sikuweza.

Kwetu kapiteni akifunga helisi mpya, samaki wa safari ya kwanza huletwa kwa aliyeichora. Mwezi uliopita kapiteni mmoja, mzee anayenijua tangu helisi yangu ya kwanza, aliingia na mikeke minne, samaki wa ziwa letu. Nikanyoosha mikono kupokea. Akairudisha nyuma kidogo.

"Pole mama, leo haiko yako. Iko ya ule mutoto. Boti haitetemeke tena, minye nakunywa chai katikati ya ziwa, hata tone haimwangike!"

"Yaya, tutakula wote," Furaha akasema haraka.

"Mwalimu anakulaka mifupa!" Patron, mwenye atelye, akadakia, na atelye nzima ikacheka. Nami nilicheka. Jioni nilipika mikeke ile, nikasema tumbo linaniuma, sikula.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kumtafutia makosa. Mara mbili nilimwambia Patron kwamba kisu cha Furaha kitagonga bawa, na mara mbili mashine ilikata vizuri kabisa. Mara ya pili alinivuta pembeni. "Weye njo ulimufundisha. Sasa unamuonea wivu? Acha hiyo, mama. Haikufae." Hata mimi sikuwa nimeona kosa lolote. Nilitaka tu liwepo.

Sasa lipo.

Kesho Furaha anakata helisi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya, ya boti ya mizigo inayokwenda Kalemie. Jana aliniita nitazame kwenye kompyuta. Kisu kilicheza juu ya mabawa bila kugusa kitu. Lakini kisu kile mimi ndiye niliyekipeleka kunolewa, wiki hii, Furaha alipokuwa msibani Luberizi. Ncha ilikuwa imevunjika, kikafupishwa upana wa vidole viwili. Kompyuta bado inakijua kwa urefu wa zamani. Mashine yenyewe itapima urefu wa kweli, itashuka zaidi ili ncha ifike palepale, na kichwa kinachoshika kisu kitalipiga bawa la jirani. Shaba itaharibika. Kichwa kikipinda, hapa Uvira hakuna wa kukinyoosha, na atelye itafungwa.

"Yaya, iko sawa?" aliniuliza.

Nikamjibu, "Iko sawa."

Neno lilitoka kabla sijafikiri. Nilikuwa nimeshamwona akisimama mbele ya bawa lililovunjika, na Patron akiita jina langu. Nikaona raha. Leo kanisani aliketi ubavuni kwangu, akanishikia mwavuli tukitoka, na bado raha ile haijaisha yote. Hilo linaniogopesha.

Nikisema kesho mbele ya watu, watasema wivu umerudi. Nikimwambia yeye peke yake, atajua kwamba jana nilimdanganya huku namtazama machoni. Naweza kuwahi kufika na kubadilisha urefu kwenye kompyuta na kurekebisha njia kidogo, kimya kimya. Hapo hakuna kitakachovunjika, helisi itatoka inang'aa, sifa zitakuwa zake zote, na hakuna atakayejua nani aliiokoa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Na nikinyamaza, sitaki hata kuimaliza sentensi hiyo.

Ninyi mliowahi kumfundisha mtu akawapita, mlifanyaje na mioyo yenu? Nianzie wapi kesho, kwake, kwa Patron, au kwenye kompyuta? Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie pia la kufanya. Admin, iweke usiku huu huu, maana mashine inawashwa saa mbili asubuhi.

Furaha amelala chumba cha pili. Simu naiacha imewashwa. Nalala saa saba na nusu za usiku.